Masista waliamrisha wanaume hapa kwa karne saba, kisha pakageuzwa jela

Hebu fikiria hivi. Mahali ni pamoja, kuta ni zilezile. Mwaka wa 1150 ukigonga lango, wanaoishi ndani ni masista, na wengi wao waliomba wenyewe kuingia. Mwaka wa 1850 ukigonga, anayekufungulia ni askari jela, na aliye ndani anahesabu siku zake za kutoka. Leo ukifika unapokelewa na kijana nadhifu wa hoteli, na swali lake ni kama ushalipia chumba mtandaoni.

Hapo mahali panaitwa Fontevraud. Ni magharibi mwa Ufaransa, kilomita kama 15 kutoka mji wa Saumur, karibu na pale mto Vienne unapomwaga maji yake katika mto Loire. Eneo lote ni hekta 13 hivi. Ukisoma zile orodha za sehemu za kuzuru kabla hujafa, Fontevraud hutajwa kwa sababu wafalme wa Uingereza walizikwa huko. Sawa, tutafika kwa wafalme. Lakini stori inayonishika mimi ni ya ufunguo: nani aliushika, na alimfungia nani. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usingoje mhadhara. Tutaenda mdogo mdogo, tukiangalia mawe na watu.

Mhubiri aliyeandamwa na wanawake

Anza na mtu mmoja, Robert, mzaliwa wa kijiji cha Arbrissel huko Brittany. Alizaliwa katikati ya karne ya 11. Baba yake alikuwa padri, na wakati huo padri kuwa na mke na watoto lilikuwa jambo la kawaida mashambani. Robert akasoma, akafika hadi Paris, akarudi kumsaidia askofu wa Rennes kunyoosha mapadri waliokuwa na wake na waliouza vyeo vya kanisa. Unaweza kukisia alivyopendwa. Askofu alipofariki, Robert akaona heri aondoke mapema. Akaishia msituni, akiishi kama mkaa-pweke, akila mizizi na kulala chini.

Tatizo ni kwamba alijua kuongea. Mwaka wa 1096 Papa Urban wa Pili alimsikia huko Angers, akampa ruhusa ya kuhubiri popote. Robert akazunguka miguu peku, nguo zimeraruka, na umati ukamfuata. Ni umati wa aina gani? Wake wa mabwanyenye waliochoka na ndoa zao, wajane, wasichana maskini, makahaba, watu wenye ukoma. Wote pamoja, barabarani, usiku wakilala mahali pamoja.

Wakubwa wa kanisa wakashtuka. Askofu Marbod wa Rennes na abate Geoffrey wa Vendôme walimwandikia barua kali. Walimwambia ukaribu wake na hao wanawake ni hatari na ni aibu. Presha ikazidi: umati huo utafutiwe makao. Ndipo mwaka wa 1101 Robert akatulia bondeni, penye chemchemi. Jina Fontevraud lenyewe linatokana na chemchemi hiyo. Mwanzoni palikuwa na vibanda tu, wanawake upande wao na wanaume upande wao.

Kisha ujenzi ukaanza, na watu wakagawanywa katika nyumba nne. Masista waliishi katika nyumba kubwa, yaani Grand-Moûtier. Wanawake waliotubu maisha yao ya zamani waliwekwa Sainte-Marie-Madeleine. Wenye ukoma walikaa Saint-Lazare. Wanaume, mapadri na mabradha, walikaa pembeni, katika Saint-Jean-de-l'Habit.

Bosi ni mwanamke, na mwanamume atii

Monasteri zenye wanaume na wanawake pamoja zilikuwepo kwingine. Kilichoifanya Fontevraud kuwa kitu kingine ni hiki: Robert aliamua kwamba mkuu wa wote, wanaume wakiwemo, awe mwanamke.

Sababu yake aliitoa katika Injili. Yesu akiwa msalabani alimkabidhi Yohane kwa Mariamu kama mwana kwa mama. Basi, wanaume wa Fontevraud watawatumikia wanawake jinsi Yohane alivyomtumikia Mariamu. Ndiyo maana nyumba ya wanaume ikapewa jina la Yohane.

Hapa kuna jambo ambalo hata leo lingezua mjadala. Robert hakutaka abesi, yaani mkuu wa monasteri, awe msichana aliyelelewa ndani ya kuta tangu utotoni. Alitaka mwanamke aliyewahi kuolewa, aliyeendesha nyumba, aliyehesabu magunia na kusuluhisha ugomvi wa wafanyakazi. Kwake yeye, kusali vizuri pekee hakukutosha kuendesha mashamba, kesi na mamia ya watu. Kwa hivyo mwaka wa 1115 akachaguliwa Pétronille de Chemillé, mjane.

Mwaka uliofuata Robert alifariki akiwa safarini, katika nyumba yao nyingine ya Orsan. Alikuwa ameomba azikwe Fontevraud, kwenye udongo wa makaburi ya kawaida, pamoja na maskini na wagonjwa wake. Pétronille akapigania maiti irudishwe, akaipata, kisha akamzika ndani ya kanisa, karibu na madhabahu kuu. Ukiniuliza, hapo ndipo sheria ya Robert ilipopimwa mara ya kwanza. Mwenyewe alisema abesi ndiye mwenye neno la mwisho, na neno la mwisho likatumika kwake.

Usidhani wanaume walinyamaza. Kumbuka mwanamke hangeweza kuadhimisha misa, kwa hivyo masista waliwahitaji mapadri kila siku. Mapadri nao walijua hivyo. Mara kwa mara walileta ukaidi, na katika karne ya 17 mvutano ulifika hadi baraza la mfalme. Baraza likaamua upande wa abesi, Jeanne-Baptiste de Bourbon. Ilisaidia kwamba alikuwa binti wa Mfalme Henri wa Nne, ingawa wa nje ya ndoa.

Kwa jumla abesi walikuwa 36, mmoja baada ya mwingine, kuanzia 1115 hadi 1792. Nyumba ndogo zilizokuwa chini ya Fontevraud zilipita 100, nyingine zikiwa Uingereza na Uhispania. Hebu taja taasisi moja ya leo ambayo imeongozwa na wanawake 36 mfululizo. Mimi nimejaribu, sijaipata.

Jengo lenyewe linasemaje

Sasa tuingie ndani. Jiwe la eneo hilo linaitwa tuffeau. Ni jiwe la chokaa, jeupe, laini kiasi kwamba fundi hulichonga bila shida, na ndilo lililojenga sehemu kubwa ya majumba ya bonde la Loire. Uzuri wake ni mwanga. Jua likiingia, ukuta mzima hung'aa kama umepakwa maziwa. Ubaya wake ni huohuo ulaini: mvua, moshi na baridi hulila.

Kanisa lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 12, na mwaka wa 1119 Papa Callixtus wa Pili alifika mwenyewe kuliweka wakfu. Mafundi walianzia mashariki, upande wa madhabahu. Huko nguzo ni nyembamba na ndefu, zimesimama karibu karibu, na nyuma yake kuna njia ya kuzunguka yenye vikanisa vidogo. Macho yako yanavutwa juu tu.

Geuka sasa utazame ukumbi mkubwa wa magharibi. Utadhani umeingia jengo lingine. Hakuna safu za nguzo katikati. Ni chumba kimoja kipana, na juu yake kuna kuba nne zilizopangwa kwa mstari. Mtindo huu ulikuwa wa kusini zaidi, Aquitaine, katika miji kama Angoulême na Périgueux. Inaonekana mpango ulibadilika kazi ikiendelea: kuta zilizoanza kujengwa zilikusudiwa kubeba paa la mbao, kisha ndani yake zikaongezwa nguzo nene zilizoshikana na ukuta ili zibebe kuba.

Kuba inafanya kazi namna hii. Ukiweka nusu duara ya mawe juu ya chumba cha mraba, pembe nne zinabaki wazi. Fundi huziba kila pembe kwa kipande cha ukuta kilichopinda, chenye umbo la pembetatu, ambacho huchukua uzito wa kuba na kuutelemsha hadi kwenye nguzo. Matokeo yake, uzito wote unatua sehemu chache nene, na katikati panabaki nafasi tupu ya watu. Kumbuka hiyo nafasi tupu. Karne kadhaa baadaye kuna mtu ataitamani kwa sababu tofauti kabisa.

Nje ya kanisa kuna ua mkubwa wa mraba uliozungukwa na baraza yenye matao, mojawapo ya nyua kubwa za aina hiyo nchini Ufaransa. Hapo ndipo maisha ya masista yalizunguka: upande mmoja kanisa, upande mwingine ukumbi wa kulia, mwingine ukumbi wa mikutano, na mabweni juu. Kama ulisoma shule ya bweni unaujua mpangilio huu. Unatoka kitandani, unaenda maombi, unaenda kula, unarudi, na hakuna mahali unapopita bila mtu kukuona.

Ukumbi wa mikutano una picha za ukutani zilizochorwa na Thomas Pot katika karne ya 16, zikionyesha mateso ya Yesu. Chunguza vizuri. Kati ya watu wa Biblia kuna masista wamepiga magoti. Hao ni abesi. Waliagiza wachorwe ndani ya tukio, na waliowafuata wakaongezwa baadaye. Siku hizi tungesema walijipiga selfi na Yesu.

Jengo linalopigwa picha zaidi, hata hivyo, ni jiko. Ni mnara wa pembe nane, na juu yake kuna vikofia vingi vyenye ncha, vimeezekwa kwa mawe yaliyochongwa kama magamba ya samaki. Kwa muda mrefu watu hawakujua ni nini. Wengine walidhani ni kikanisa cha maziko. Wenyeji walikuwa na hadithi ya jambazi aliyeitwa Evraud, kwamba aliwasha taa pale juu ili kuwapoteza wasafiri awaibie. Karne ya 19 msanifu Viollet-le-Duc akasema hapana, hili ni jiko: zile sehemu zilizobinuka pembeni ni mahali pa moto, na moshi ulitoka juu. Mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu Lucien Magne akalikarabati, na mengi ya mabomba ya moshi unayoyaona pichani ni kazi yake. Kwa hivyo ile picha maarufu ya enzi za kati, kwa sehemu ni ya juzi tu.

Mume, mke, na sanamu ya kitabu

Haya, wafalme. Abesi wa pili alikuwa Mathilde wa Anjou. Alikuwa ameolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza, William. Mwaka wa 1120 meli iliyoitwa White Ship ikazama, mumewe akafa maji, naye akiwa bado kijana akachagua Fontevraud. Mpwa wake, Henri wa Pili, ndiye baadaye akawa mfalme wa Uingereza na mtawala wa karibu nusu ya Ufaransa. Hivyo abesi alikuwa shangazi ya mfalme, na mali ikaingia.

Henri alimwoa Aliénor wa Aquitaine, mwanamke aliyekuwa na mali kuliko wanaume wengi wa wakati wake. Mwaka wa 1173 wana wao walimwasi baba yao, na Aliénor akawa upande wa watoto. Henri akamkamata, akamfungia Uingereza katika kasri moja baada ya jingine, miaka kama 15. Alitoka tu Henri alipokufa mwaka wa 1189 huko Chinon. Henri alikuwa amechagua azikwe kwingine, Grandmont. Lakini ilikuwa Julai, joto kali, na Fontevraud ilikuwa karibu. Akazikwa kwa masista.

Miaka 10 baadaye mwana wao Richard, yule wanayemwita Moyo wa Simba, alipigwa mshale akizingira ngome ya Châlus. Mwili ukaletwa Fontevraud, moyo ukapelekwa Rouen. Aliénor mwenyewe alikaa Fontevraud miaka yake ya mwisho, na alipofariki mwaka wa 1204 akalazwa humo.

Sanamu zao za kaburini zipo hadi leo ndani ya kanisa, zina mabaki ya rangi. Henri na Richard wamelala kama wafalme waliokufa, macho yamefumbwa. Aliénor anasoma. Ameshika kitabu wazi mikononi, milele yote. Mume aliyemfungia kwa miaka yuko hapo kando yake, na mke ana kitabu chake. Ya nne ni ya Isabelle wa Angoulême, mke wa Mfalme John. Hiyo ni ya mbao.

Sheria ya mjane yasahaulika

Sasa tusipake sukari. Kadiri mali ilivyoongezeka, kiti cha abesi kikawa cha watu wakubwa. Kuanzia 1491 hadi 1670 wanawake watano wa ukoo wa Bourbon walikishika mfululizo. Wengi wao hawakuwahi kuolewa, walilelewa kwenye monasteri, yaani walikuwa kinyume kabisa cha yule mjane aliyetakiwa na Robert.

Baadhi yao walikuwa wakali na wenye akili. Gabrielle de Rochechouart, abesi tangu 1670, alijua Kigiriki vya kutosha kushughulikia tafsiri ya Plato. Dada yake alikuwa Madame de Montespan, mpenzi wa Mfalme Louis wa 14. Familia moja, dada mmoja kitandani kwa mfalme, mwingine akiongoza watawa.

Na mwaka wa 1738 Mfalme Louis wa 15 akawapeleka binti zake wanne wadogo Fontevraud walelewe huko. Mkubwa kati yao alikuwa na miaka mitano tu, mdogo hajamaliza hata mwaka mmoja. Mmoja akafia huko mwaka wa 1744, bila kurudi nyumbani. Hao watoto hawakuomba kuingia. Kwa hivyo tukisema masista walichagua kuta, tuseme wengi, si wote.

Kisha jela

Mapinduzi ya Ufaransa yalifunga monasteri zote. Mwaka wa 1792 masista walifukuzwa, abesi wa 36 akiwemo, Julie d'Antin. Alifariki Paris miaka mitano baadaye. Nyumba ikaporwa, makaburi yakafukuliwa, na mifupa ya wafalme haijulikani iliko. Zile sanamu unazopiga picha leo zimelala juu ya sakafu tupu.

Kwa kawaida stori ingeishia hapo. Angalia Cluny, monasteri iliyokuwa na kanisa kubwa kuliko yote ya Ulaya hadi Basilika la Mtakatifu Petro lilipojengwa upya Roma. Iliuzwa, ikavunjwa, ikawa machimbo ya mawe, na leo kimebaki kipande kidogo. Fontevraud haikuvunjwa kwa sababu moja: mwaka wa 1804 Napoleon alitoa amri igeuzwe gereza, pamoja na Clairvaux na Mont Saint-Michel. Serikali ilikuwa inatafuta nini? Kuta ndefu, mabweni makubwa, ua wa ndani usio na njia ya kutoka. Masista walikuwa wameshajenga.

Wafungwa wakaanza kuingia mwaka wa 1814. Ile nafasi tupu chini ya kuba ikatamaniwa. Kuba za ukumbi zikabomolewa, sakafu za ghorofa zikapigwa katikati ya kanisa, wafungwa wakalazwa mahali masista walipoimbia. Palitayarishwa watu kama 1,000, lakini kuna miaka walikuwepo karibu 2,000. Miongo ya mwanzo waliwekwa wanaume, wanawake, hata watoto. Walifanya kazi katika karakana, wakitengeneza vifungo na kufuma vitambaa. Fontevraud ikapata sifa ya kuwa mojawapo ya magereza makali zaidi Ufaransa.

Na hapa ndipo stori ilinishika koo. Kanuni ya Robert iliwataka masista wakae kimya. Mwaka wa 1839 serikali ya Ufaransa ilipitisha kanuni mpya kwa magereza makubwa: mfungwa asizungumze na mwenzake. Ua uleule, kimya kilekile. Mmoja alinyamaza ili amsikie Mungu, mwingine alinyamaza kwa sababu akiongea ataadhibiwa. Ukipita na kusikiliza nje ya ukuta, ungejuaje ni nani aliye ndani?

Mwaka wa 1816 mchoraji Mwingereza, Charles Stothard, alifika akitafuta makaburi ya wafalme wake. Sanamu alizipata zimetupwa chini ya jengo moja, kwenye chumba cha takataka. Habari zikafika London, na baadaye Waingereza wakaziomba. Katika miaka ya 1860 Napoleon wa Tatu alikuwa tayari kumpa Malkia Victoria, lakini Wafaransa wakapiga kelele, na malkia akaacha. Wakati huohuo, mita chache tu kando, watu hai walikuwa wamejazana mabwenini. Kuhusu hao, sijakuta popote malkia yeyote akiomba wahamishwe.

Gereza lilifungwa rasmi mwaka wa 1963, lakini wafungwa wachache walibakizwa kutunza bustani na kubomoa kazi za jela. Wa mwisho waliondoka 1985. Piga hesabu: hiyo ni enzi ya wazazi wetu. Kuba zilishajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, na kidogo kidogo alama za jela zikaondolewa ili monasteri ionekane kama zamani. Mwaka wa 2000 bonde la Loire, Fontevraud ikiwemo, likaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo hoteli iko Saint-Lazare, pale walipouguzwa wenye ukoma. Tangu 2021 kuna pia makumbusho ya sanaa ya kisasa.

Tukumbuke nini, tufute nini

Swali ambalo naomba ubaki nalo ni hili. Unapokarabati jengo lenye maisha mawili, unachagua maisha gani? Fontevraud walichagua masista na wafalme, na nawaelewa. Watalii hawalipii tiketi kutazama sakafu za mbao za jela. Lakini zaidi ya miaka 150 ya wafungwa ndiyo iliyoliokoa jengo. Kama si wao, tungekuwa tunaongea kuhusu shimo la mawe, kama Cluny. Waliobeba gharama ndio wanaochukua nafasi ndogo zaidi katika maelezo.

Sisi Wakenya hili si geni. Fort Jesus pale Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na wengi tumefika huko na basi la shule. Tuliambiwa kuhusu mizinga na Waarabu wa Oman. Je, wangapi tulikumbuka kwamba kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama jela? Waliofungwa humo walikuwa watu wa huku huku, na wajukuu wao labda wanapita nje ya ukuta kila asubuhi wakienda kazini.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kuzuru jengo la zamani, liwe la Ufaransa au la Pwani, sikiza maelezo yote ya matao na wafalme, piga picha zako. Kisha muulize mwenyeji wako maswali mawili ya bure: hapa nani alishika ufunguo, na ni nani hakuruhusiwa kutoka? Akikwepa, uliza tena.